Mabati Niliyoyaezua

Mwajabu mwanangu,

Sianzi kwa kukuuliza hali. Hali yako naijua, uko chumba cha pili hapo, begi umelifunga, ukalifungua, ukalifunga tena, nasikia zipu. Naandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Tungekaa barazani mimi na wewe mpaka kukuche, mwisho ningekwambia "haya, safari njema," basi. Na mwandiko wangu vilevile unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Darasa la nne niliacha nikaenda kuamia ndege kwenye mpunga wa mjomba, sikurudi tena. Ukikwama mahali soma kwa sauti, utanisikia nasema.

Habari za nauli, sijui ukifika Kibiti ushukie wapi, ule nini, Mama Neema umwamkie vipi, hizo sikuandikii. Mama Neema kakubali ukae kwenye fremu yake ya duka ushone naye, ni mtu mzima, na wewe una akili zako. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe lina hasira. Nisamehe kama karatasi itachanika.

Nina hasira na Hamisi. Sijawahi kukwambia. Uliponiambia, nilienda kukata kuni, ukadhani sijali. Kuni zile zilitosha mwezi mzima.

Hivi kijana anakuja na wazee wake, wanakaa kwenye mkeka wangu, wanaleta posa, wanakula pilau, wanashukuru, halafu baada ya miezi anakuandikia meseji? "Tusameheane, nyumbani wamenichagulia mtu." Meseji! Mtu akighairi kununua mbuzi wangu anakuja na miguu yake, anasimama pale, anajikuna kichwa, anasema bwana Shamte, hela haijatosha. Mbuzi! Mwanangu hakupata hata heshima ya mbuzi.

Na juzi nimemwona Ikwiriri. Kapaki pikipiki mbele ya mashine ya kukoboa. Tairi la nyuma najua nani katoa hela yake. Na kile kiti, kile chekundu chenye mshono mweupe pembeni, ulikishona wewe kwa cherehani ya kuazima, ukanichekesha kwamba kiti cha Hamisi kinapendeza kuliko godoro letu. Juu yake kakaa huyo waliyemchagulia, kajipanga, kanga mpya mpya. Hamisi akaniona. Akasema, "Shikamoo mzee." Mzee! Nimekuzaa sina hata ndevu, mimi mzee wa nani? Maneno yakanijaa kifuani, nikafungua mdomo, nikasema, "Marahaba."

Ndiyo. Nilisema marahaba. Njia nzima ya kurudi huku Mtunda najitukana mwenyewe.

Kwa hiyo ujue kwanza kwamba sikwambii uache hasira. Wanaokwambia "samehe, sahau, Mungu atakupa mwingine" kabla hata machozi hayajakauka, waache wapite. Hasira ni yako, umeipata kwa haki. Ninachogombana nacho ni kingine. Jana asubuhi nilikuwa nyuma ya jiko nasuka kamba, na Salma shoga yako kakaa na wewe kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, na sauti yake unaijua.

"Tunavaa kijani wote," anasema, "watu kumi na mbili, sare moja, kitenge kizuri siyo vile vya kufifia. Tunakodi spika. Jumamosi Hamisi akioa, tunapita mbele ya mlango wa bibi harusi, tunarudi, tunapita tena. Nyimbo nazo ninazo mimi. Wajue Mwajabu hajafa!"

Wewe ukauliza, "Na hela?"

"Si umepokea zamu yako ya mchezo? Hela ya mchezo itafanya nini kama haikufuti aibu? Kwanza cherehani ipo tu dukani, haikimbii."

Ukacheka. Mwanangu, ni kile kicheko. Ungelia nisingeshtuka, lakini kicheko kile nakijua. Mimi nimewahi kukicheka nikiwa juu ya paa.

Habari ya mabati unaijua ya watu. Mtunda nzima wanaijua, mpaka leo mtu akitaka kunitania anasema "Shamte, mvua hiyo." Lakini kwangu mimi hujawahi kuisikia, na wewe ndiye uliyekuwa chini yake.

Nilipomwoa mama yako nilijenga kwenye kiwanja cha kwao, kama wengi wetu tunavyofanya. Udongo wa kwao, miti ya kwao, mimi nikaleta mabati. Nilibeba magogo ya mikoko kule Delta misimu miwili, bega hili la kushoto mpaka leo limeshuka, ndiyo yakapatikana mabati. Nyumba ya tatu kuwa na bati kwa upande ule. Nilikuwa nikirudi shamba naiangalia kutoka mbali inang'aa, moyo unajaa.

Kusema nilikuwa sijui. Mama yako Zena ni mtu wa maneno, anapenda umjibu. Akaongea peke yake miaka sita. Siku ya mwisho akaniambia, "Shamte, wewe ni nguzo. Nguzo inabeba nyumba, sikatai, lakini mimi siwezi kulala na nguzo." Akaomba talaka yake. Hapakuwa na mtu wa tatu, usisikilize wanaosema. Nilimpa, nikakusanya nguo zangu.

Nikaenda kijiweni. Nilikuwa siendi kijiweni mimi, siku ile nikaenda. Akanipokea Kondo. Kondo huyu huyu unayemjua, baba yake Salma. Umeona sasa? Mtoto wa nyoka ni nyoka, mimi sisemi hivyo, Salma ni mtoto mzuri, anakupenda. Lakini sauti ile ya jana ni sauti ya baba yake, nilitaka kuangusha kamba.

Kondo akasema, "Umetoka na nini?"

Nikasema nguo.

"Nguo? Na bati umeacha? Mwanaume haachi bati! Ezua, mwanangu. Kiwanja chao, udongo wao, bati lako. Walale wanahesabu nyota, ndiyo watajua thamani yako!"

Kijiwe kizima kikashangilia. Hujui raha yake, mtu ambaye siku zote anakaa pembeni, halafu siku moja watu wote wanalitaja jina lake. Asubuhi tukaenda, mimi, Kondo na wenzake, na nyundo na msumeno. Nikapanda. Kila msumari ukitoka, huko chini wanapiga mbinja. Mama yako akatandika mkeka chini ya mkorosho, akakaa na wewe, anachambua mchele. Hakuinua uso hata mara moja. Akaendelea kuchambua mchele, anatoa chuya, anatupa. Mimi kule juu nikawa nacheka kwa nguvu ili ainue uso.

Aliyeinua uso ni wewe. Ulikuwa na miaka mitano. Ukaita, "Baba, na mvua ikinyesha?"

Watu wakacheka, Kondo akasema "huyo mtoto mwanasheria!" Na mimi nikacheka, nikang'oa msumari mwingine.

Mvua ilinyesha wiki ile ile. Sikuwepo. Niliambiwa mmebebwa na jirani mkalala kwenye banda lake la ufuta, na wewe ukaumwa kifua. Hicho kikohozi chako cha msimu wa mvua, ambacho sasa hivi nakisikia ukutani, watu wanasema cha kurithi. Mimi sina kikohozi. Mama yako hana.

Sasa ngoja nikwambie habari ya hela, maana Salma kasema hela ifute aibu.

Mabati nilipeleka Ikwiriri kwa guta, ile baiskeli ya mizigo. Nilidhani nitauza kwa bei ya dukani, ipungue kidogo. Mwenye gesti mmoja akaligonga bati moja kwa kidole, akaliinua juani, akachungulia, akaniambia, "Kijana, hili ni chujio." Bati likishatobolewa misumari, thamani yake iko pale pale lilipopigiliwa, ukilitoa umetoa matobo. Sikulijua hilo? Nililijua! Mjinga gani halijui? Lakini mtu ukiwa umeachwa huuzi kitu, unakitupa mahali ambapo watu watakuona unatupa. Nikakubali bei aliyotaja.

Hela ile ikaenda wapi? Nilinunua simu kubwa ili mama yako aone picha yangu, na yeye wakati ule alikuwa na kisimu cha tochi, haoni picha ya mtu. Nyingine Kondo na wenzake walikula chipsi kuku, kila siku ananiambia "mwanaume anachanganyika na watu, usijifungie." Ilipoisha, Kondo akawa akiniona anaangalia simu.

Ufuta nao ulikuwa shambani, umesimama, umeanza kugeuka rangi. Shamba lile tulilima wawili mimi na mama yako. Nilikuwa siwezi kulitazama, kila tuta namwona kainama. Akaja mtu wa kangomba, hawa wanaonunua kwa kificho kabla mzigo haujafika ghalani, akaniambia atanipa hela pale pale, ufuta ukiwa bado haujakatwa, kwa bei ya kutia huruma. Nikauza. Nilitaka tu usiwe wangu, yaani uniondokee machoni. Wiki tatu baadaye sina hata hela ya chumvi, nikaomba kibarua. Unajua nilipewa kibarua cha wapi? Kukata ufuta ule ule. Nimekata ufuta wangu, nimefunga vitita vyangu, nimevisimamisha vikauke, jioni mtu kaniita "we kijana njoo uchukue chako."

Mpaka leo nikikumbuka nauma meno. Kondo kosa lake ni mdomo tu, huyu wa kangomba kosa lake ni tamaa. Mtu ninayemkasirikia kweli ni yule kijana aliyekuwa anapokea ile hela kwa mikono miwili na kusema asante.

Na mama yako je? Hapa ndipo usikilize, maana mimi kazi yangu ni kuangalia, na nilimwangalia sana. Nilikuwa napita njia ya mbali nikijifanya natafuta kuku. Sikuwahi kumsikia akinitukana. Alikuwa na hasira, mama yako ana hasira kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Aliitia kwenye unga. Alfajiri anapiga unga wa vitumbua utasema anampiga mtu, nilikuwa nasikia mpaka njiani. Akavichoma, akaviuza shuleni na kwenye kituo cha bodaboda. Dada zake wakamwambia nunua na wewe kanga mpya, tukapite kwa kina Shamte. Akawajibu nikisikia, "Nikipita kwake na kanga mpya, atakuwa amenivalisha yeye."

Neno hilo sijalisahau. Nimelizungusha kichwani miaka na miaka, nikiwa dunguni juu ya kichanja, nalinda nguruwe wasiingie shambani, hakuna mtu wa kuongea naye, nalitafuna. Maana mimi simu ile kubwa alinunua nani? Alinunua Zena, kwa hela yangu. Chipsi zile Zena alinunua. Kila shilingi niliyotoa kumwonyesha, ilikuwa yeye ndiye anaitoa mfukoni kwangu, na mwenyewe hana habari, anachambua mchele.

Kwanza alinunua makuti akaezeka. Msimu wa pili akanunua mabati matatu, akaezeka upande unaolala wewe. Upande wake akaacha makuti. Alipoolewa kule Delta nyumba ilikuwa na bati zima, na wewe ukaja kwangu, kikohozi kiko begani kama mtoto mwingine.

Nikaanza kuiga. Sikuwa na cha kuuza, nikawa nalinda mpunga wa watu kwa malipo. Nikajua kitu kimoja kuhusu mimi, kwamba moyo wangu ukipata moto mkono unaenda mfukoni wenyewe. Sikujaribu kuuzuia mkono, sina nguvu hizo. Niliondoa mfuko. Nikilipwa tu, kabla sijala, nilikuwa nanunua bati moja. Moja. Naliacha dukani kwa mwenyewe, jina langu kaandika kwa chaki. Siku Kondo akija "twende tukachangamke," nasema sina, na kweli sina, bati haliliki. Hela ina masikio, Mwajabu, inasikia kila anayeiita. Igeuze kitu kisichosikia.

Na moyo? Moyo hauponi kwa kuambiwa upone. Wangu nilikuwa nauamsha kama mtu anayeamsha mtoto wa shule, hautaki, unautoa hivyo hivyo. Naoga. Nafua shati. Nikaanza kuwatangulia watu salamu, mimi ambaye nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba nisikutane na mtu. Mara ya kwanza bibi mmoja akashtuka, "Alaa, kumbe una sauti!" Nikacheka. Kicheko hicho kilikuwa kingine, kilitoka bila kumtafuta wa kumwonyesha. Hapo nikajua nitapona. Ilikuwa jambo dogo tu hilo, na bibi mwenyewe hajui mpaka leo.

Nikwambie na hili, ucheke. Mwaka juzi nimelala Ikwiriri, basi limeharibika, nikachukua chumba kwenye gesti ile ile. Nikaenda chooni. Nimechuchumaa pale, nikainua macho. Mabati yangu! Kaezekea choo! Mwanga unaingia kwenye matobo ya misumari, matobo yangu, nayajua, moja nililipiga kombo siku uliyozaliwa kwa sababu waliniita nikiwa juu. Mabati niliyobebea magogo ya mikoko yanafunika watu wanaojisaidia. Kidogo nilie, halafu nikacheka peke yangu mpaka mtu akagonga, "We, umepatwa na nini humo?"

Sasa Jumamosi.

Mimi sikukatazi. Nikikukataza utafanya kwa hasira yangu, na hasira zimetosha. Hela ya mchezo ni yako, umetoa kila wiki toka vuli iliyopita, kuna wiki ulikula ugali na chumvi ili usiruke zamu. Nilikuona. Ulisema cherehani, ile nyeusi ya mitumba ya kwenye duka la stendi Ikwiriri, ulinipeleka hata kuigusa, ukazungusha gurudumu lake kwa kidole ukasema "sikia, Baba, haipigi kelele." Mama Neema kakupa nafasi kwa sababu utakuja na cherehani yako. Ukija na mikono mitupu na kitenge cha kijani, atakupa ufagie. Hajasema, lakini nimemwangalia yule mama, ni mtu wa haki, hatoi zaidi ya haki.

Hamisi atapanda ile pikipiki Jumamosi, kwenye kiti ulichoshona, tairi ulilolinunua. Hivyo kachukua. Ukivaa ile sare anachukua na cherehani. Hataipeleka popote, hataishona, hatajua hata kama kaichukua. Ataangalia dirishani mara moja, atasema "kelele gani hizo," atarudi kula biriani. Hilo ndilo linaloniua mimi, mwanangu. Laiti angeumia! Laiti ningekuwa na hakika ataumia, pengine ningekwambia haya, kodi na spika kubwa. Lakini nimewahi kukaa juu ya paa nikicheka, na aliyekusudiwa hakuinua uso.

Salma mwambie mimi ndiye nimeharibu shughuli. Mwambie baba yangu bahili, mshamba. Akimuuliza baba yake kwa nini Shamte yuko hivyo, labda Kondo atakumbuka, labda ataangalia simu.

Mimi kesho, kabla ya Jumamosi yao, nakuja Ikwiriri na magunia mawili ya mchele. Nitakaa pale stendi, kwenye ngazi za duka la vyombo. Kushoto kwangu ni duka la vitenge, kulia ni duka la cherehani, unapajua. Nitakaa toka asubuhi. Ukiingia kushoto, nitakuona, sitakuita, wala jioni sitakuuliza. Utarudi kwangu siku yoyote, sahani yako ipo, na hapa unalala chini ya bati, nimelipigilia mwenyewe, halivuji.

Ukiingia kulia, usihangaike na mtu wa mkokoteni. Ile cherehani nzito, chuma kitupu. Nitaibeba mimi mpaka kwenye gari la Kibiti. Bega la kushoto limeshuka, limekaa kama limechongwa kwa kubebea kitu kama hicho.

Baba yako,
Shamte